Vijiti Kumi na Kimoja

Mume wangu aliniachia mtoto mmoja wa kike, koti moja, na kopo la vijiti vyeusi ambavyo nguvu zake hakuna aliyezijua ila yeye. Mtoto nilimjua. Koti nililivaa. Vile vijiti ndivyo vilivyotaka kunitoa roho.

Alikuwa fundi wa redio mjini Kakamega, kwenye kibaraza cha Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru, na redio ndogo za betri ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia mjini kwa wingi. Kila mwalimu, kila karani, kila mtu aliyepata mshahara wa kwanza alitaka redio ya kubeba begani ili jirani amwone. Ukifungua redio kama hiyo utakuta kijiti cheusi, kirefu kama kiganja, kigumu na kikavu, kimezungushiwa waya mwembamba. Hicho ndicho kinachonasa mawimbi. Mume wangu alikiita feraiti. Mimi nilikiita kaa, kwa sababu kilifanana na makaa na kilivunjika vivyo hivyo.

Yeye alitengeneza, mimi nilizungusha waya. Alisema mikono yangu haina haraka. Alikuwa akiingiza mkono ndani ya kopo, anatoa kijiti kimoja, anakigeuzageuza, anakaa nacho kidogo penye kile kiredio chake cha majaribio kisichotumia betri, halafu ananiambia, "Mama, hiki mizunguko sitini na nane." Mimi nazungusha sitini na nane. Sikuwahi kuuliza kwa nini hiki sitini na nane na kile hamsini na tano. Nilidhani ni kama mtu anayechagua viazi vitamu sokoni, anaangalia tu na kujua. Mjinga mimi! Miaka mitano nimekaa naye meza moja, nikiongea habari za majirani, na jambo la maana sikuuliza.

Alikufa kwa kifua, mvua za masika zikiwa zimechachamaa. Tulimzika kwao Musanda.

Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, alikuja kutoka Uganda alikokuwa akifanya kazi. Alikuja na viatu vya kung'aa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kesho yake baada ya mazishi alikwenda mjini bila kuniambia, akakusanya kila redio iliyokuwa kwenye meza ya ndugu yake, akaitia guniani; kopo, vyombo vya kazi na kile kiredio cha majaribio aliviona takataka, akaviacha. Kulikuwa na redio saba za watu, zilizoletwa kutengenezwa. Alizitupia mle ndani kama mahindi ya kupeleka kinuni. Aliposhusha lile gunia uani Musanda nikasikia zinavyogongana, nikapiga ukelele kuliko ule niliopiga kaburini. Watu walidhani ni uchungu wa mume. Wanawake wakaja kunishika, "Nyamaza mama, nyamaza, ni kazi ya Mungu." Ni kazi ya shemeji, si ya Mungu!

Redio sita zilikuwa na majeraha madogo. Ya saba, ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Mumias, ile kubwa yenye mfuko wa ngozi, kijiti chake kilikuwa kimekatika vipande vitatu. Viwili nilivipata. Cha tatu nilikitafuta hadi chini ya magunia, kumbe shangazi wa mume wangu alikwisha kukiokota na kukifunga kwenye pindo la leso yake, akiamini ni lile jiwe jeusi la kunyonya sumu ya nyoka. Nilipomwomba alinitazama kama mwizi. "Hii jiwe nimeitafutanga miaka mingi," akasema, "na wewe unaitaka ya kazi gani?" Nikamwachia.

Sasa nieleze kilichokuwa kikiniwinda. Kwao, baada ya mazishi kuna siku ya kunyolewa. Ukoo unakusanyika, mjane ananyolewa nywele, halafu mzee mmoja anasimama mbele ya watu wote na kuuliza: nani ana dai kwa marehemu? Mwenye dai anasema papo hapo, na ukoo unalibeba. Baada ya hapo ndipo wanazungumza habari ya vitu vya marehemu na nani atamtunza mjane. Kwa kawaida ni siku ya tatu, lakini mvua ilikuwa imekata barabara na wajomba hawakuweza kufika, basi ikasukumwa hadi siku ya kumi na mbili.

Shemeji hakungoja siku hiyo ndipo aseme. Aliniambia wazi, mkewe akiwa amesimama pale pale akichambua mboga, kwamba nitahamia kwake, meza ya redio ataiuza, na mtoto atalelewa hapo pamoja na wake.

"Mimi si ng'ombe wa kuhamishwa zizi," nikamwambia.

"Shemeji, nani amekuita ng'ombe?" akacheka. "Ng'ombe hapigangi kelele hivi."

Watu wakacheka. Mkewe naye akacheka kidogo, macho yakiwa kwenye mboga.

Nikaenda kwa baba mkwe. Kwa desturi yao mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni, basi nilikaa kwa mbali nikimpa ubavu, nikawa nazungumza na ghala la mahindi, naye akinijibu akizungumza na fimbo yake. Nikalieleza lile ghala kwamba nipewe zile redio niende nazo mjini. Nitamrudishia kila mwenyewe redio yake ikiwa inalia. Siku ya kunyolewa ikifika na kusiwe na mtu mwenye dai, meza iwe yangu, nikae Kakamega nile jasho langu.

Fimbo ikachora mstari mchangani. "Mwanamke na redio?"

"Baba, waya zote ni mimi nilizungusha. Marehemu alikuwa akizichoma risasi ya kuunganishia tu."

Hiyo haikuwa kweli yote, Mungu anisamehe. Mzee akaufuta ule mstari kwa fimbo.

"Kusiwe na dai hata moja," akasema. "Likiwepo moja, usije kunililia." Halafu akaongeza, "Mtoto mwache hapa na kukhu wake, nyanya yake. Barabara ni tope tupu, na wewe bado hujanyolewa."

Nikakubali. Nilidhani ni kwa sababu ya tope.

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Aliniuliza nitarudi na nini, nikamwambia nitarudi na mkate wa mjini. Hakulia hata kidogo. Alikuwa ameshika mkia wa mwana-mbuzi, na mbuzi ndiye aliyekuwa akilia.

Nilipanda basi la kwenda Kakamega nikiwa nimevaa koti la mume wangu, kama ilivyompasa mjane. Utingo aliponiona alinipa kiti cha nyuma peke yangu, na kiti hicho kilibaki changu ingawa basi lilijaa watu hadi wakasimama. Mjane ambaye hajanyolewa haingii nyumba ya mtu, asije akawaambukiza wengine msiba wake. Hata wenye redio walipokuja kuzichukua, mimi niliziweka chini, wao wakaziokota hapo chini, mkono wangu usiguse wao. Redio tano ziliondoka hivyo ndani ya siku mbili: waya uliochomoka hapa, betri iliyooza pale, spika iliyotoboka ambayo niliiziba kwa karatasi na gundi. Hiyo nilikuwa nimeiona ikifanywa mara mia.

Ya sita, ya mwalimu mmoja, nilimwomba mwenyewe aniachie kwa siku chache zaidi. Ilikuwa pacha kabisa wa ile ya mfanyabiashara wa Mumias, kampuni moja, ukubwa mmoja. Kijiti chake kilikuwa kizima. Nilihitaji kizima cha kulinganishia.

Kwanza nilijaribu njia ya mkato. Vile vipande viwili nikaviunganisha kwa gundi, nikavirudisha kwenye redio. Ikawa inanong'ona kama mgonjwa. Kijiti kilikuwa kimepungua theluthi nzima, na hiyo theluthi ilikuwa Musanda ikingoja nyoka.

Basi nikaenda kwa fundi mwingine, mmoja tu aliyekuwapo mjini wakati huo, upande wa posta. Nilisimama barabarani, yeye akiwa ndani.

"Sema ukiwa hapo hapo mama," akaniambia. Si kwa ubaya. Aliogopa tu.

Nikamweleza. Akasema kijiti kama hicho kinaagizwa Nairobi, na kikifika upesi ni wiki tatu.

"Nina kopo zima la vijiti," nikasema.

"Najua. Marehemu alikuwa akiviokotaokota hata kwenye vyuma vikuukuu vya gulio la Lubao. Lakini mama, vile havilingani nguvu. Kuna kinachovuta sana, kuna kinachovuta kidogo, na kwa macho vyote ni vyeusi. Ukikosea, redio inakuwa kiziwi. Yeye alikuwa na njia yake ya kuvipima."

"Njia gani?"

"Angeniambia mimi? Mimi ni mshindani wake."

Alikuwa na haki. Nikarudi kwenye kibaraza, nikamwaga kopo mezani. Vijiti kumi na kimoja. Hakuna alama hata moja, hakuna rangi, hakuna mkwaruzo. Nikavitazama hadi nikaanza kuvitukana, na nilipomaliza kuvitukana nikamtukana marehemu, kisha nikaingiza uso ndani ya koti lake nikalia. Yule Mhindi alitoka, akaniona, akarudi ndani. Kumbuka nilikuwa nimebakiwa na siku sita, na nisipofaulu ningekuwa mke wa pili wa mtu niliyemchukia, na binti yangu angekua akiona mama yake akiamrishwa.

Nilipotulia nikaanza kujiuliza alikuwa akifanya nini hasa na kile kiredio cha majaribio. Kilikuwa ubao tu: waya mrefu uliopanda juu ya paa, dayodi moja ya kugeuza mawimbi kuwa sauti, kisikizio cha kutia sikioni, na nafasi ya kuchomeka vijikondensa, vile vidude vya kuweka umeme kidogo, ambavyo alikuwa navyo vingi vya namna moja kwenye mkebe. Koili ilikuwa bomba la karatasi lenye mizunguko sitini ya waya. Ndani ya bomba hilo kijiti kinaingia na kutoka. Nikachomoa kijiti cha mwalimu kutoka kwenye redio yake, polepole, maana hicho nacho kikivunjika nina madai mawili. Nikakiingiza bombani. Nikachomeka kondensa moja, kimya. Mbili, nikasikia kituo cha Kisumu, mtu anasoma bei ya mahindi, sauti ndogo lakini safi. Aii! Nilitaka kumbusu mtu huyo.

Basi kipimo changu kikawa hicho. Kijiti kizuri cha mwalimu: kondensa mbili, Kisumu inasema. Nikaanza kuingiza vile vya kopo kimoja kimoja. Vinne havikufaa kabisa, hata nikichomeka kondensa nyingi ni kama bomba liko tupu. Vingine vilitaka tatu, vingine vilitangatanga kati ya mbili na tatu. Kimoja, kinene kidogo, kilileta Kisumu kwa kondensa moja tu.

Nikaruka. Moja badala ya mbili, maana yake kina nguvu mara mbili! Nikahesabu kwa sindano mizunguko ya koili ya mwalimu, ikawa sabini na mbili. Nikasema, kama kijiti kina nguvu mara mbili, mizunguko ni nusu. Thelathini na sita. Nikaukata waya, nikazungusha, nikachoma risasi, nikaifungua redio ya Mumias.

Kiziwi. Hata mkwaruzo haukuwepo.

Hapo nilipoteza siku mbili. Siku mbili nzima nikifungua na kufunga, nikidhani nimechoma vibaya, nikidhani betri, nikidhani shemeji ameivunja mahali nisipopaona. Siku ya pili alipita mwanamke mmoja wa Musanda aliyekuja kuuza kuku sokoni. Alisimama mbali, akaniambia mtoto ni mzima. "Analalanga na mke wa shemeji yako sasa," akasema. "Wamezoeana sana. Anamfuata mpaka mtoni." Nikamshukuru.

Siku hiyo nilitazama kijiti cha mwalimu kikiwa mezani na nikajiambia: kitie kwenye redio ya Mumias. Mfanyabiashara ataisikia ikilia, hatakuwa na dai. Mwalimu naye nitamdanganya hadi siku zipite. Nilikishika. Nilikaa nacho mkononi toka chai ya saa nne hadi watu wa ofisini wakaanza kurudi nyumbani. Haki ya Mungu sikukiacha kwa sababu ya wema. Nilikiacha kwa sababu mwalimu yule naye alikuwa na watu Musanda, na siku ya kunyolewa angekuja.

Asubuhi iliyofuata, kwa hasira tu, nikachukua kijiti cha mwalimu na kukitia kwenye bomba jingine nililolizungushia mizunguko thelathini badala ya sitini. Nilitaka kujua nusu inafanya nini. Kwa sitini zilitosha kondensa mbili. Kwa thelathini, nikajiambia, zitatosha nne. Nikachomeka nne. Kimya. Tano, kimya. Sita, saba, nikaanza kucheka kama mwendawazimu. Nane. Yule mtu wa Kisumu akasema habari za asubuhi.

Nane! Nusu ya mizunguko haikunipa nusu, ilinipa robo. Mizunguko inajizidisha yenyewe kwa yenyewe. Nilipiga meza hadi Mhindi akatoka tena. "Nini, mama?" akauliza. "Si nusu, ni robo!" nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mfiwa, akarudi ndani.

Nikachukua karatasi ya mfuko wa saruji. Nilisoma hadi darasa la saba, hesabu sikuogopa. Sabini na mbili mara sabini na mbili, elfu tano mia moja themanini na nne. Nusu yake, elfu mbili mia tano tisini na mbili. Ni nambari gani ikijizidisha inafika hapo? Hamsini na moja inafika, inapita kwa tisa tu. Hamsini na moja! Nikazungusha hamsini na moja kwenye kile kijiti kinene, nikakitia kwenye redio ya Mumias, nikawasha.

Ikalia. Ikalia, lakini ikalia kama watu wawili wanaogombana ndani ya pipa. Kisumu ilikuwa pana, imeenea kila mahali kwenye duara la kutafutia vituo, na Kampala inaimba juu yake. Sauti yenyewe ilikuwa chovu. Mfanyabiashara yule alikuwa akiipenda redio yake, asingepokea pipa. Nilikuwa nimebakiwa na siku mbili. Nikaiegemezea paji la uso na kusema kwa sauti, "Sasa unataka nini kwangu? Unataka nini?" Watu waliokuwa wakipita walivuka upande wa pili wa barabara.

Ndipo nikakumbuka sikio. Sikuwa nimesikiliza, nilikuwa nimehesabu tu. Nikarudi kwenye ubao, nikafunga kondensa nyingine, ya kuzungusha kwa kidole, iliyokuwa ikining'inia pembeni kwa waya, nikaingiza kijiti cha mwalimu na kuizungusha polepole. Kisumu ilikuja, ikasimama, nikigeuza kidogo tu imekwenda. Nikaingiza kile kinene. Kisumu ikaja mapema, ikakaa, ikakaa, ikaondoka kwa uvivu. Kumbe kijiti kina nguvu lakini kinakula. Kinavuta sauti na kuimeza. Huenda kilitengenezwa kwa kazi nyingine kabisa, mimi sikujua, na yeyote aliyekijua alikuwa chini ya udongo.

Nikavirudia vijiti vilivyobaki, safari hii nikisikiliza wembe wake na si nguvu zake. Kimoja chembamba, ambacho nilikidharau tangu siku ya kwanza kwa sababu ni dhaifu, kilikata Kisumu kwa ukali kuliko hata cha mwalimu. Nikaongeza mizunguko kwenye bomba, mmoja mmoja, hadi Kisumu ikaja kwa kondensa mbili zile zile. Sitini na sita. Basi pale ambapo cha mwalimu kinataka sitini, hiki kinataka sitini na sita, na pale ambapo cha mwalimu kinataka sabini na mbili, hiki kitataka sabini na tisa.

Waya wangu haukutosha sabini na tisa. Nilifumua ule wa koili ya zamani, nikaunga, uzi kwa uzi, mwembamba kama nywele za mtoto. Nilizungusha nikihesabu kwa sauti. Nilipowasha redio, mtu wa Kisumu alisema, "Hamjambo wasikilizaji," akiwa amekaa mezani kwangu.

"Sijambo," nikamjibu. Nikalia tena, lakini kilio hiki kilikuwa cha kushiba.

Nilimrudishia mwalimu kijiti chake na redio yake, nikanunua mkate, nikapanda basi la Musanda na ile redio ya Mumias mapajani. Siku ya kunyolewa uwanja ulijaa. Walininyoa kwa wembe mkavu, nikakaa mkekani jua likiniwasha kichwa. Binti yangu alikuwa amekaa miguuni pa mke wa shemeji. Nilimpungia mkate. Alitabasamu, akajificha nyuma ya magoti ya yule mwanamke kama watoto wafanyavyo mbele ya mgeni.

Mzee wa ukoo akasimama akauliza, "Nani ana dai kwa marehemu?"

Watu wakageuka. Mfanyabiashara wa Mumias alikuja mbele, akasema, "Asalaam aleikum," watu wakaitikia. Akainua redio yake iliyokuwa mbele yangu, akaiwasha. Muziki ukajaa uwanjani, safi, bila mkwaruzo. Aliigeuza huku na huku, akatafuta Kampala, akaipata peke yake, akarudi Kisumu.

"Sina dai," akasema. "Ila nauliza, nani ameitengeneza? Haijawahi kusikika hivi."

"Ndugu yangu aliimaliza kabla hajafa," shemeji akasema.

"Mwongo!" nikasema. Mjane hasemi siku hiyo, najua. "Wewe ndiye uliyeivunja guniani. Nimeitengeneza mimi, na mizunguko ni sabini na tisa, ukitaka kuhesabu shika sindano!"

Watu wakaguna. Baba mkwe akagonga fimbo chini, akiitazama fimbo.

"Nilitoa neno," akasema. "Hakuna dai. Meza ni yake. Asiguswe, asirithiwe na mtu asiyemtaka. Akae mjini afanye kazi yake."

Nikainuka kumwendea mtoto.

"Keti shemeji," kaka wa marehemu akasema, na safari hii hakuwa akicheka. "Meza umepewa. Nani amesema juu ya mtoto? Mtoto ni wa ukoo huu."

"Ni wangu! Nimemzaa!"

"Ulimwacha hapa mwenyewe. Siku tisa. Hata siku moja hukuja kumwona. Umetuonyesha sote kwamba unaweza kukaa bila yeye."

Nikamtazama baba mkwe usoni, desturi au si desturi. Alikuwa na macho mekundu ya uzee, na hakuyainua. Sikuwa nimemwuliza juu ya mtoto siku ile kule ghalani. Nani huuliza juu ya mtoto wake mwenyewe? Nililia, nikagaagaa, nikasema meza chukueni, chukueni, nirudishieni mtoto. Lakini neno la mzee lilikwisha kutoka mbele ya ukoo wote, na walilitimiza lote kama alivyolisema. Kesho yake walinipakilia mzigo wangu juu ya basi la Kakamega na kuufunga kwa kamba vizuri.

Nilikwenda Musanda kila mwezi kumwona hadi mwaka ulipokwisha. Halafu shemeji akarudi Uganda kazini na watu wake wote, na binti yangu ndani yao. Barua zangu mbili zilijibiwa, nyingine hazikujibiwa.

Vile vijiti nilivipima vyote, nikaviandikia alama kwa rangi nyeupe. Mji ukanizoea. Walikuja hadi wa kutoka Butali na redio zao, na hakuna aliyeziokota chini tena.

Alikuja miaka saba baadaye. Msichana mrefu, sare ya shule imekunjwa kwapani, amesimama nje ya kibaraza kama mtu aliyeambiwa asiingie kabla ya kukaribishwa. Walikuwa wamerudi kutoka Uganda, na kulikuwa na nafasi katika shule ya hapa mjini. Mdomo ulikuwa wa baba yake. Nilikuwa na koili mkononi, nikaiweka chini.

"Samahani," akasema. "Wewe ndiye mama wa redio? Mama amenituma kwako. Amesema unaweza kunipa mahali pa kulala."

Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Nikamwambia apite, akae.